Wa Mwisho kwa Alfabeti

Nimechoka kulieleza jambo hili, lakini nitalieleza tena, maana bila hilo mengine yote hayana kichwa wala miguu. Sisi watu wa hisabati tukiandika makala tukiwa wawili au watatu, majina yetu tunayapanga kwa alfabeti. Aliyeumiza kichwa miaka mitano na aliyekuja wiki ya mwisho kurekebisha nukta na mikato, wote wanaingia foleni moja, na foleni inaanzia A. Nani kafanya nini, hatuulizani. Kuuliza ni utovu wa adabu, kama kuhesabu mezani nani kala vipande vingapi vya nyama.

Jina la baba yangu linaanza na Z.

Mwenzangu, ambaye nimeandika naye karibu kila kitu cha maana nilichowahi kuandika, lake linaanza na A. Wanafunzi walimbandika jina la Alifu zamani sana na likamganda, hata walinzi wa getini wanamwita hivyo akishapita. Mimi wananiita Mama Futa, kwa sababu mtu akikosea ubaoni sina maneno mengi naye: futa, anza upya. Si jina baya. Nimeitwa mabaya zaidi kwenye vikao.

Mume wangu ni fundi wa friji na ana ulimi. Tulipooana nilikataa kuchukua jina la kwao. Yeye hakujali, ila mama mkwe alininunia muda mrefu. Jina hilo nalo linaanza na A, tena lingempita Alifu kwa herufi moja. Siku nilipomweleza mume wangu jinsi kamati ya kupandisha vyeo inavyohesabu makala za watu, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Kumbe ningekuoa mzima mzima," alisema, "saa hizi nalala na profesa."

Mara ya kwanza nilicheka na mimi. Utani huo umezeekea nyumbani kwetu, na siku hizi nikiusikia naenda kuosha vyombo.

Kamati yenyewe ilikuwa ya watu wa mifugo, udongo, dawa na uchumi. Kwao, wa kwanza kwenye orodha ndiye aliyefanya kazi. Wakatunga kanuni kwamba mtu hawi profesa mpaka awe na makala kadhaa ambazo jina lake limetangulia. Nikaomba, wakanikatalia. Nikaomba tena baada ya miaka, nikaambiwa kwa upole mkubwa kwamba mchango wangu ni wa "mwandishi msaidizi". Alifu, kwa makala zilezile, alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akawa mkuu wa kitivo, mwenye ofisi ya zulia na kiyoyozi. Sikumwonea wivu wa zulia. Kiyoyozi, labda.

Ofisi yangu iko chini, jirani na choo cha wanafunzi. Dirisha halifungi vizuri, kwa hiyo nimelikaza kwa kipande cha daftari la mitihani. Ukuta mmoja mzima ni ubao mweusi. Walipokuja kubadilisha mbao zote kuweka zile nyeupe, nilisimama mlangoni nikawaambia wapite kwanza juu yangu. Chaki inanikohoza na inaingia hadi kwenye chai, lakini kwenye ubao mweusi mkono unakwenda taratibu, na mimi sifikiri haraka.

Kazi yetu ni mafundo. Nasema kweli, mafundo ya kamba. Unachukua uzi, unaufunga na kuuzungusha unavyotaka, halafu unaunganisha ncha zake mbili. Swali ni kama uzi huo unaweza kurudi kuwa duara tupu bila kuukata. Mume wangu huwaambia wateja wake kwamba mke wake amesomeshwa na serikali miaka yote hiyo ili afungue kamba za viatu. Si mbali sana na ukweli.

Alifu alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu tulipokuwa wahadhiri wasaidizi. Alikuwa anaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, anakaa juu ya meza, anasema, "Dada, nina swali la kijinga." Kisha anauliza swali la kijinga kweli. Akiambiwa ni la kijinga hakasiriki, anauliza jingine. "Kuuliza si ujinga," anasema, na mimi namjibu kwamba inategemea nani anauliza. Nimemfukuza ofisini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kesho yake yuko juu ya meza.

Siku moja alikuja na kamba ya kiatu iliyojisokota vibaya. Alisema kwamba kuna mafundo ambayo ukitaka kuyafungua ni lazima kwanza uyavuruge zaidi, na hilo sote tulilijua. "Sasa zaidi kiasi gani?" akauliza. "Mtu anaweza kusema tangu mwanzo kwamba litavurugika hivi, halitapita hapa?" Nilimwambia aniache, nina mitihani ya kusahihisha. Akaniacha. Swali lake likanikaa kooni kama mwiba wa samaki, na halikushuka kwa miaka.

Kanuni iliyotoka humo ndiyo iliyotujulisha kwa watu wa mbali. Uthibitisho wake una hatua tatu. Ya kwanza tuliifanya pamoja. Ya tatu mtu yeyote mwenye subira angeiweza. Ya pili ndiyo yenyewe, na hiyo niliipata peke yangu nikisimamia mtihani wa mwaka wa kwanza, nikitembea kati ya madawati, wakati mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono kuomba karatasi na mimi simwoni. Nilipomweleza Alifu alisikiliza, akasema ameelewa, na kesho yake akarudi kuniuliza tena. Nilimweleza mara nyingi. Kila mara alielewa hadi mlangoni. Yeye ndiye aliyeandika utangulizi, kwa lugha nzuri ambayo mimi sina, na yeye ndiye aliyebishana na wahariri wa jarida. Majina yakapangwa kwa alfabeti, kama kawaida, na mimi ndiye niliyeyapanga.

Haya yote ningeyameza. Nimemeza makubwa zaidi, pamoja na ratiba ya vipindi vya saa moja asubuhi. Lakini chuo chetu kina utaratibu kwamba mhadhiri akifikisha miaka sitini anarudisha ufunguo wa ofisi na kuagwa kwa soda. Profesa anaweza kuongezewa mkataba. Mimi nilikuwa naikaribia sitini, na kamati ilikuwa inakaa mara moja tu kabla sijaifikia.

Nikisema sikutaka cheo nitakuwa naongopa. Nilikitaka. Lakini zaidi nilitaka ule ubao. Nyumbani tuna vyumba viwili na sebule iliyojaa milango ya friji za watu. Nilijiona nimekaa kati ya milango hiyo, asubuhi, chaki sina, mtu wa kumwambia "futa" sina, nasubiri mume wangu aniulize tutakula nini. Niliogopa. Mtu wa umri wangu kuogopa asubuhi ni jambo la aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikapanda ghorofani kwa Alifu.

Katibu wake alinikalisha kwenye kochi kama mgeni, mimi niliyemjua bosi wake hajaota kitambi. Alifu alipotoka alinipokea kwa mikono miwili, akaniingiza ofisini kwake.

"Dada, si ungenipigia tu nishuke?"

"Leo nimekuja kama mwombaji," nikamwambia. "Wewe ndiye utakayelipeleka jina langu kwenye kamati. Nataka uwaambie ukweli."

"Ukweli upi?"

"Hatua ya pili."

Aligeuka. Akaenda kupunguza kiyoyozi, ingawa hakuna aliyelalamika baridi.

"Dada, sisi tangu lini tunagawana hivyo? Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilipotaka kuweka jina lako mbele kwenye ile makala, ulinitukana, ukasema sisi si watu wa mifugo."

"Nilisema, ndiyo."

"Sasa leo nikawaambie nini? Asilimia?"

"Waambie ilikuwa yangu."

"Nitawaambia tulifanya wote, na kwamba bila wewe isingekuwepo. Huo ndio ukweli ninaoujua mimi." Akaniangalia. "Na shemeji hajambo?"

Nilishuka ngazi nikijua kwamba amejibu kama mtu wa hisabati anavyopaswa kujibu, na kwamba jibu hilo litanipeleka nyumbani. Nilimwambia mume wangu jioni. Hakutania. Alisema, "Huyo rafiki yako ni mwungwana, na uungwana wake unakula kwako," kisha akarudi kwenye kompresa yake.

Siku ya kamati niliitwa asubuhi nikaingia mchana. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido, pamoja na mtaalamu mmoja wa magonjwa ya kuku aliyekuwa na makala nyingi kiasi kwamba alizibeba kwenye begi la magurudumu. Aliingia, akatoka anatabasamu. Mimi njaa ilikuwa imeshapita, imebaki ile hali ya kutotaka kitu chochote. Kilichonisaidia kusimama nilipoitwa ni hasira, na sikujua bado ni hasira ya nani.

Mwenyekiti alikuwa daktari wa mifugo, mtu mzima, mpole. Kushoto kwake alikaa profesa wa udongo, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Alifu alikaa mwisho wa meza. Kama mkuu wa kitivo alikuwa na haki ya kunitambulisha, lakini kwa kuwa aliandika na mimi, hakuwa na kura. Alinitambulisha vizuri. Alisema yale aliyoahidi, neno kwa neno.

"Mama, tatizo letu ni lilelile," mwenyekiti akasema. "Kila makala wewe ni wa mwisho. Sasa kwetu sisi, wa mwisho wakati mwingine ni mwenye maabara. Maabara yako iko wapi?"

"Kichwani."

Profesa wa udongo alicheka. Mwenyekiti naye akatabasamu, akaniacha nieleze habari ya alfabeti. Nilieleza. Walitikisa vichwa kwa huruma, kama watu wanaosikiliza mila za mbali.

"Tumekuelewa," akasema. "Ila kanuni ni kanuni, na sisi si wataalamu wa mafundo. Hatuna namna ya kujua nani alifanya nini. Mkuu wa kitivo, kati yenu, kazi kubwa ilikuwa ya nani?"

"Mwenyekiti, kwetu hatuhesabu hivyo," Alifu akasema. "Tulifanya wote."

Alilisema kwa heshima na kwa dhati, na nusu ya watu pale mezani waliona ni mtu mwema anayembeba mwenzake. Nikaona mmoja wao anafunika faili langu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mwenyekiti, ubao huo hapo," nikasema. "Kanuni yetu ina hatua ya pili inayofahamika kuwa ngumu. Aliyeifanya anaweza kuieleza bila karatasi. Mwombeni mmoja wetu aieleze. Tufuate alfabeti. Aanze yeye."

Kwa watu wengine pale hilo lilikuwa pendekezo tu. Alifu alielewa. Kwetu sisi, kumwita mtu ubaoni kwenye kitu unachojua hakijui ni jambo unalomfanyia mwanafunzi mkorofi, si mtu uliyemwandikia hotuba ya kumuaga mama yake mzazi msibani. Aliniangalia muda mfupi, kisha akainuka, akafunga kifungo cha koti, akachukua kalamu ya ubao.

Alichora fundo zuri. Amekuwa na mkono mzuri siku zote. Alieleza hatua ya kwanza kwa lugha ambayo hata mtu wa dawa alianza kuinama mbele asikilize. Akaandika mstari wa kwanza wa hatua ya pili. Akaandika wa pili, nao haukuwa sahihi, na nilijua kwamba ameshauona hauko sahihi kwa jinsi bega lake lilivyoshuka.

Chumba hicho hakikuwa na mtu mwingine wa kumkamata. Angeweza kujaza ubao alama zozote, akapiga mstari chini, akasema "basi", na wote wangetikisa vichwa. Wako watu kwenye taaluma yetu wangefanya hivyo. Yeye alifunika kalamu.

"Hapa nimekwama," akasema. "Nilikwama miaka ile, na leo pia. Hapa aliniokoa yeye."

Profesa wa udongo alivua miwani. Yule aliyefunika faili langu akalifunua.

Ningeweza kuishia hapo. Walikuwa wameshasikia, tena kutoka kinywani mwake. Ilitosha kabisa.

"Basi mama," mwenyekiti akasema, "tusaidie."

Nikainuka. Alifu alikuwa bado amesimama pembeni ya ubao, hajui akae au asimame. Nikachukua dasta nikaufuta mstari wake wa pili, kwa sababu ulikuwa umekosewa na mimi siwezi kuendelea chini ya mstari uliokosewa. Nadhani nilisema neno lenyewe pia. Sikumbuki kulisema, lakini wawili pale mezani walicheka kidogo, kwa hiyo lazima nililisema. Kisha nikaandika hatua ya pili tangu mwanzo hadi mwisho, bila karatasi, na kwa muda wote ule sikuchoka. Hakuna aliyeelewa kitu. Hawakuhitaji kuelewa. Waliona nani anaandika na nani anatazama.

Walinipa. Waliita ni ruhusa maalumu. Mwenyekiti alinishika mkono akasema amejifunza mengi, na Alifu alipiga makofi pamoja na wengine, akatoka wa kwanza.

Nyumbani mume wangu alinipokea kwa adabu zote. "Profesa, karibu. Profesa, chai. Profesa, umeme umekatika, una kanuni yoyote?" Binti yetu alipiga simu kutoka anakofanya kazi akalia kwa furaha. Nami nikalala saa mbili, nikiwa nimevaa nguo za kamati, na nilipoamka nilikuwa na miaka mingine ya ubao mbele yangu. Nilifurahi. Sitaki mtu aseme sikufurahi.

Tatizo lilianza taratibu, kama friji inayovuja gesi. Asubuhi nilikuwa nafika, nafunga mlango, nasimama mbele ya ubao mweusi nilioupigania. Nachora fundo. Nalitazama. Nalifuta. Nilianza kwa kupanua kanuni yetu kidogo huku na kidogo kule, kazi ambayo mwanafunzi mwerevu angeifanya likizo. Nikaandika kimakala kimoja, jina langu peke yake, la kwanza na la mwisho. Jarida lilikikubali bila swali hata moja. Makala isiyoulizwa swali ni makala isiyosomwa.

Nilijaribu kuwasikiliza wanafunzi. Waliniuliza kama hili litakuja kwenye mtihani.

Alifu hakuwa adui. Watu walitegemea ugomvi, na katibu wake alianza kunipa chai kwa tahadhari, lakini ugomvi haukuwepo. Tulikutana kwenye vikao, akanisalimia. Alishuka ofisini kwangu mara moja kuhusu ratiba. Alibisha hodi. Akasimama mlangoni, akasema, "Profesa, samahani, dakika moja tu," na alipomaliza habari za ratiba aliondoka. Meza yangu nilikuwa nimeiondolea vitabu upande mmoja ili akae. Sikujua kama nimeiondolea mpaka alipoondoka.

Wiki ile nilikaa nikarudi nyuma makala moja baada ya nyingine, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, nikijiuliza kila moja ilianzia wapi. Hii ilianzia kwenye kamba ya kiatu. Hii ilianzia siku alipouliza kama fundo linaweza kuwa na mgongo. Hii, siku aliposhindwa kufunga tai na kuuliza kwa nini tai hufunguka kwa kuvutwa upande mmoja tu. Kila moja ilianza na yeye akiwa amekaa juu ya karatasi zangu, na mimi nikimwambia atoke. Majibu yalikuwa yangu karibu yote. Swali langu mimi sikulikuta hata moja.

Sikupenda kuligundua hilo. Miaka yote nilijiona nimembeba mtu. Mume wangu nilipomweleza alisugua mikono yake kwa kitambaa cha grisi muda mrefu. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mwishoni. Nilimwambia asinisomee methali, nimechoka. Akasema sawa, na kweli alinyamaza, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Nikapanda tena ghorofani. Safari hii katibu alinipitisha moja kwa moja, maana profesa hasubirishwi.

Alifu alikuwa anasaini likizo za watu. Alisimama aliponiona, nikamwambia akae, akakaa. Nami nikakaa juu ya meza yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, na meza ikalia.

"Nimekuja kuomba swali," nikasema.

Alicheka kidogo. "Swali haliombwi, dada."

"Basi nakopa. Nimekauka. Nasimama mbele ya ubao toka asubuhi hadi mchana, natoka na vumbi tu. Niulize kitu."

Aliweka kalamu chini, akaipanga sawa na ukingo wa faili.

"Unajua kwa nini nilikuwa naweza kukuuliza wewe vitu vile?" akasema. "Kila mahali pengine mimi ni mkuu wa kitivo. Kwangu mimi ni baba wa watu. Kwako tu ndiko nilikokuwa naruhusiwa kuwa mjinga. Ulikuwa unanitukana, natoka, nacheka peke yangu kwenye ngazi. Haikuniuma hata siku moja."

"Najua."

"Siku hizi nikishika karatasi, swali likianza kuja, nauona mkono wako na dasta. Nawaona na wale watu wanavyocheka. Nasema, ngoja kwanza, hili lina maana au ni upuuzi? Nikishalipima hivyo, limeshakufa." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayemweleza daktari panapouma. "Sikulaumu. Ulihitaji kile cheo, na hatua ilikuwa yako."

"Nilifuta mstari. Sikukufuta wewe."

"Mstari ulikuwa umekosewa," akakubali.

Nilitaka kumwambia samahani. Nilikuwa nimelibeba neno hilo tangu ngazi za chini, lakini nilipolitafuta nikaona kwamba nikilisema atalipokea kwa uungwana, ataniuliza shemeji hajambo, na yatakuwa yameishia hapo. Kwa hiyo nikashuka mezani, nikaenda kufunga mlango, nikarudi nikasimama mbele yake.

"Niulize sasa," nikasema. "La kijinga kabisa. Hapa hakuna kamati. Nitukane na mimi ukitaka, kisha uulize."

Alijaribu. Naapa alijaribu. Alivua saa, akaivaa, akaangalia waya wa simu ulivyojisokota juu ya meza, akaunyoosha kwa vidole, na nikaona midomo yake inaanza kama ilivyokuwa inaanza zamani, na mwili wangu wote ukakaa tayari kukasirika. Kisha akaniangalia usoni, kuona kama nitacheka. Midomo ikatulia.

"Hamna kitu," alisema.

Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba hanikomoi. Laiti angekuwa ananikomoa, maana mtu akikukomoa kuna siku atachoka.